Vidonge vya Juu, Vidonge vya Chini

Baba yangu alisinzia kazini, na kijiji kizima kikajua kabla hajaamka.

Kazi yenyewe ni kugawa maji. Kwetu Bombo tuna ndiva, bwawa dogo la mawe na udongo lililochimbwa na watu ambao hata babu yangu hakuwakuta. Usiku kijito kinaingia na kulijaza taratibu. Alfajiri mtu mmoja anazibua, maji yanateremka kwenye mifereji mpaka mashambani. Leo huanza upande wa juu, kesho huanza upande wa chini. Mtu huyo mmoja ni baba. Hakuchaguliwa kwa sababu ya nguvu wala elimu. Alichaguliwa kwa sababu pande zote mbili, ambazo hazikubaliani hata juu ya saa ya kuanza ibada, zilikubaliana kwamba yeye hapendelei.

Wapare tunataniwa kwamba tunapenda kesi. Mimi sibishi. Ila kesi nyingi nilizosikia tangu utotoni zilikuwa za maji, na ukiona kabichi inavyonyauka wakati wa kiangazi utaelewa kwa nini.

Asubuhi ile ilikuwa zamu ya juu kuanza. Baba alizibua kama kawaida, akakaa juu ya jiwe lake kungoja jua lifike mahali anapopajua yeye, azibe, ili ndiva ibaki na akiba ya watu wa chini. Jua lilifika, likapita. Watu wa chini walipoona mfereji wao una tope tu, walipanda kwenda kuuliza, wakamkuta mgawa maji amelala, mdomo wazi, na ndiva imekauka hadi vyura wanatazamana. Kabichi za juu zilikuwa zinaogelea.

"Nani kamlisha huyu?" akauliza mmoja wao, na swali hilo likatangulia kufika nyumbani kwetu.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu, nangoja ajira, namsaidia mama kwenye shamba la tangawizi na kubishana na kila mtu juu ya kila kitu. Mama alikuwa akisema siku ya ubatizo wangu mchungaji alitaja jina langu nikalia, naye akajua tangu hapo kwamba nilikuwa nauliza kwa nini jina hilo na si jingine. Basi niliposikia habari ya ndiva, nilitaka maelezo. Baba hakuwahi kulala mchana. Hata Jumapili baada ya makande, wakati wanaume wengine wanajinyoosha, yeye hutengeneza mipini ya majembe.

"Baba, ilikuwaje?"

"Nimezeeka, mama," akanijibu. Ananiita mama tangu nizaliwe.

"Mtu hazeeki wiki moja."

"Wewe umesoma hayo. Mimi nimeyaona."

Mambo mengine nilikuwa nimeyaona, ila sikuwa nimeyaunganisha. Alikuwa anakunywa maji kupita kiasi, kikombe juu ya kikombe, na bado analalamika mdomo mkavu. Kanisani alikuwa anashika kitabu cha nyimbo mbali, halafu karibu, halafu anaimba kwa kukumbuka. Akienda chooni anakawia, anarudi amekasirika. Na sasa usingizi. Mama alikuwa ameyaunganisha zamani. Siku ile jikoni, akichambua maharage, alisema bila kuniangalia:

"Baba yako mkubwa alianza hivyo hivyo. Kiu. Macho. Kuchoka."

Baba mkubwa alikuwa na kisukari. Alikatwa mguu, halafu tukamzika. Baba ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kumtoa kitandani hadi kwenye jua. Hakuna aliyehitaji kuniambia baba anawaza nini anapokaa kimya na kikombe chake cha maji.

Kesho yake aliniamsha alfajiri, akaniambia nivae koti. Tulipanda hadi kwenye ndiva. Akanionyesha jinsi ya kuingiza mkono chini ya maji ya baridi na kugeuza jiwe la kuziba bila kuuvunja ukingo, mfereji upi unavuja, shamba lipi lina mwenyewe mkali, mzee yupi lazima asalimiwe kwanza. Alinifundisha haraka, kama mtu anayefunga mizigo.

"Kwa nini unanionyesha?"

"Ili ujue."

"Kwa nini nijue sasa?"

Alipiga chafya mfululizo hadi machozi yakamtoka, akafuta pua. Hizo chafya hazikumshangaza mtu. Kila kiangazi, tukianza kupura maharage na upepo ukaanza kuinua vumbi la maganda, baba hupiga chafya mpaka mbwa wa jirani wanabweka. Macho huwa mekundu, pua bomba. Tunaita mafua ya maharage, na hakuna aliyewahi kuyaona kuwa ugonjwa.

Kamati ya maji ilisema itakaa Jumapili baada ya ibada kuamua kama ndiva apewe mtu mwingine. Mwenyekiti, mtu mpole wa upande wa chini, alikuja mwenyewe kutuambia. Alikataa kukaa. Kwetu mtu akikataa kiti ujue ana habari mbaya.

Nilisema twende Same mjini akapimwe. Baba alisema mtu huanza kuumwa pale anapopimwa. Nikamwambia hiyo si hoja, maana wasiopimwa pia wanakufa. Mama akaniambia nifunge mdomo, kisha akamgeukia mumewe na kusema kwa sauti ndogo, "Nenda tu. Nataka kujua ninapika nini." Akaenda.

Tuliondoka na basi la alfajiri. Tulipofika tambarare vumbi la barabara ya Kisiwani likaanza kuingia kwenye gari, na baba akaanza chafya zake. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kitu, akakitupa mdomoni, akashushia na maji. Baada ya muda akaingiza mkono mfuko wa pili, akafanya vile vile. Halafu akalala. Alilala mpaka Same, kichwa kikigonga dirisha, na mimi nikamtazama njia nzima nikimwona baba mkubwa.

Hospitalini walimtoboa kidole. Tulikaa kwenye benchi, yeye ameshika kofia kwa mikono miwili. Nilijaribu kusoma mabango yote ukutani ili nisiangalie mlango wa maabara. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti kavu, alipotuita alisema moja kwa moja:

"Mzee, sukari yako ni ya kawaida kabisa."

Baba alivaa kofia, akaivua tena. Mimi nilishusha pumzi nyingi sana, na mara tu zilipoisha maswali yakaanza.

"Sasa kiu inatoka wapi? Na usingizi? Na macho? Kipimo chenu kinaweza kukosea?"

"Kinaweza," akasema daktari bila kuudhika. "Tutarudia siku nyingine hajala kitu. Lakini kwanza nimuulize. Mzee, kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hapana."

"Yoyote?"

"Mimi sijawahi kuwa mtu wa dawa."

Nikageuka. "Baba. Na vile vya kwenye basi?"

"Vile ni vya mafua."

"Vya mafua si dawa?"

"Dawa ni ya hospitali," akasema, kama anayeeleza jambo linalojulikana. "Vile ni vya dukani."

Daktari alisukuma makaratasi yake pembeni, akagonga meza kwa kidole. "Toa vyote, mzee. Weka hapa."

Mfuko wa kulia ukatoa vipande vya paketi vilivyokatwa kwa mkasi, vyenye vidonge vidogo vya njano. Kwenye kipande kama hicho jina la dawa hubaki dukani. Mteja huondoka na rangi tu. Mfuko wa kushoto ukatoa vidonge vingine, vikubwa, vyeupe, vile vinavyouzwa kwa ajili ya homa na mafua pamoja. Mfuko wa ndani, kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake vya njano vingine.

"Umenunua vyote hivi?"

"Sijanunua hata kimoja. Nimepewa."

Hapo ndipo ilipobidi aeleze, na mimi ndipo nilipoelewa. Mgawa maji hupita kila asubuhi kando ya mashamba. Watu humkaribisha. Ukiwa mgawa maji, kitu ukipewa na nyumba ya juu lazima upokee na cha nyumba ya chini, au ukatae vyote viwili. Ukila ndizi huku na kukataa chai kule, kesho utasikia umehongwa kwa ndizi. Baba amefuata sheria hiyo miaka yote. Mwaka huu alipoanza kupiga chafya, bibi mmoja wa upande wa juu alimwonea huruma akampa vidonge vya njano. Akavimeza mbele yake, kwa adabu. Habari ikashuka. Wa chini nao wakampa vyao, vyeupe, na kumwambia hivi ndivyo vikali. Akavimeza pia, kwa haki. Wa juu wakaongeza. Kila upande ulitaka kusikia kwamba dawa yake ndiyo iliyomsaidia.

"Kwa hiyo ulikuwa unameza vya juu na vya chini," akasema daktari.

"Ningefanyaje?"

Daktari alijitahidi sana asicheke, akashindwa. Baba naye akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu vyura wale.

Kisha daktari alitueleza, na nilimfuatisha neno kwa neno kwa sababu sikutaka kurudi nyumbani na jambo ninaloliamini nusu. Mafua ya maharage si mafua. Ni mzio: mwili wa baba unalichukulia vumbi la maganda kama adui, unafungua mabomba yote, pua, macho, chafya. Vile vya njano vinatuliza mzio, ni kweli, lakini ni dawa ya zamani inayoingia hadi kichwani na kumlaza mtu. Na vile vyeupe vya homa na mafua, pamoja na dawa ya maumivu, vina dawa ile ile ya njano ndani yake. Rangi tofauti, paketi tofauti, dawa moja. Baba alikuwa anameza dozi juu ya dozi mchana kutwa akidhani anachanganya mbili.

"Mdomo mkavu ni hiyo dawa," akasema. "Macho kuona ukungu, hiyo. Mkojo kugoma, hiyo, na kwa mwanaume wa umri wake inaweza kufunga kabisa. Usingizi, usiseme. Wazee inawasumbua zaidi kuliko vijana."

"Uhakika?" nikauliza.

"Uhakika tutaupata akiziacha. Aziache leo. Yakibaki hata baada ya siku kadhaa, hasa hilo la mkojo, arudi nimwangalie tezi dume. Asinifiche."

"Lakini mimi nilijua dawa ikikulaza ndiyo imeingia," baba akasema.

"Imeingia, mzee. Ila imeingia mahali ambapo hukuituma."

Daktari aliuliza kuhusu figo za baba, presha, kama anakunywa pombe. Baba alisema ni kikombe tu cha dengelua, pombe yetu ya miwa, na pale penye sherehe. Daktari akamwambia wakati wa dawa za mzio hata hicho kikombe akiache, kwa sababu pombe na dawa hizo husaidiana kumwangusha mtu. Akamwandikia setirizini, kidonge kimoja kwa siku.

Nikauliza kwa nini hiyo isimlaze kama zile. Akasema ni ya kizazi kipya, haiingii sana kichwani, ila wapo watu inaowasinzisha, kwa hiyo ameze usiku, na asipande pikipiki wala kukaa ukingoni mwa ndiva kabla ya kuona mwili wake unaipokeaje. Nikauliza, asipopata nafuu haraka? "Asiongeze. Kidonge cha pili siku hiyo hiyo hakileti nafuu ya pili." Nikauliza kama atameza maisha yote. "Wakati wa vumbi tu. Na afunge kitambaa puani mkipura. Au mpure nyie, yeye akae mbali." Halafu aliacha utani. "Siku akivimba midomo au kifua kikibana akakosa pumzi, msikae mnatafuta kidonge. Mleteni hospitali hapo hapo."

Tulipotoka, nje ya geti, baba alisimama. Malori ya barabara kuu yalikuwa yanapita kuelekea Moshi, mengine kuelekea Dar es Salaam, na wauza matunda walikuwa wanakimbiliana na basi. Alisimama akitazama miguu yake, viatu vyake vya shamba alivyovipaka rangi kwa ajili ya safari.

"Yote miwili," akasema.

Kwa mara ya kwanza sikuwa na swali.

Kwenye duka la dawa niliomba paketi nzima, si kipande cha kukatwa, nikasoma jina, tarehe ya mwisho, na karatasi yote ya ndani, mbele na nyuma. Muuzaji akauliza kama natafuta makosa ya tahajia. Baba akamwambia, "Mwache. Ndivyo alivyo." Lakini niliona ananyoosha mkono kuichukua paketi kwa namna ya mtu aliyepewa kitu cha kifahari.

Usiku ule alimeza kidonge chake kimoja, nami nikamchunguza kama askari. Sikuwa nimeamini bado. Nani alisema daktari hawezi kukosea? Asubuhi nilipoamka nilisikia sauti yake nje. Alikuwa anabishana na redio. Akaingia, akaomba makande yaliyobaki, akala amesimama. Kikombe chake cha maji kilikuwa mezani, kimejaa, hajakigusa. Alipiga chafya moja, akangoja ya pili, haikuja. Tukatazamana.

"Chooni?" nikauliza. Sikuweza kujizuia.

"Wewe mtoto!" akafoka. Kisha, akitoka mlangoni: "Kuzuri."

Mama alikuwa anakoroga uji. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akafunika uso kwa khanga yake, mabega yakatikisika kidogo. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Jumapili baada ya ibada watu walibaki nje ya kanisa, wa juu upande mmoja, wa chini upande mwingine, kama kawaida yao. Kitabu cha nyimbo baba alikuwa amekishika karibu, na alikuwa ameimba kila ubeti, hata ule ambao huwa watu wanaruka. Mwenyekiti akamwita aseme lake. Niliogopa. Angeweza kujitetea kwa kumtaja bibi wa juu, na kesi mpya ingezaliwa pale pale.

Hakumtaja mtu. Alitoa vidonge mfukoni, vya njano mkono wa kulia, vyeupe mkono wa kushoto, akaviinua.

"Hivi nilipewa na wa juu. Hivi nilipewa na wa chini. Nilimeza vyote ili asilalamike mtu. Kumbe ni dawa moja. Mmenilaza wote, kwa usawa kabisa."

Mwanamke mmoja wa upande wa juu akasema, "Mimi si nilimwambia avimeze usiku?" na mzee wa chini akamjibu, "Na vyetu tulimwambia asichanganye na vyenu!" na kicheko kikaanza huko nyuma kwa vijana wa kwaya kikasambaa mpaka kwa mwenyekiti.

"Sasa utafanyaje na mafua?" mtu akauliza.

"Nina kidonge changu. Kimoja, usiku, cha hospitali. Cha mtu mwingine simezi tena, awe wa juu au wa chini. Na nyie msipeane tu kama karanga. Someni jina kwanza."

"Sisi wengine hatuoni vizuri hayo maandishi," mzee wa chini akasema.

"Leteni kwa binti yangu. Yeye husoma hata yasiyoandikwa."

Wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi, na nikawaacha. Mwenyekiti alisema upande wa chini ulipwe zamu ile iliyopotea, na ndiva ibaki ilipo. Bibi wa juu alisema hiyo ni haki, ila kabichi zake ziliozea majini na hilo nalo litajwe. Likatajwa. Tulikwenda nyumbani.

Kulipa zamu kulifanyika siku iliyofuata. Nilipanda naye alfajiri ingawa hakuniita. Nilitaka kuona kama atasinzia, nakiri, na yeye alijua. Alifunga kitambaa puani, akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye maji ya baridi. Niliposogea kumsaidia kugeuza jiwe, kwa vile alikwishanifundisha, alinisukuma kwa kiwiko.

"Tulia. Bado naliweza."

Maji yakaguna, yakaingia mfereji wa chini. Alikaa kwenye jiwe lake, macho makavu, akiangalia jua. Lilipofika pale anapopajua, akaziba bila mtu kumwambia.

Tukashuka kando ya mashamba. Mwanamke wa upande wa chini alitoka mlangoni mwake, mkono nyuma.

"Shikamoo, mgawa maji."

"Marahaba, mama. Kama ni kidonge, rudi nacho ndani."

"Nimesikia Jumapili. Ni ndizi."

Baba alizitazama ndizi zile mbivu, akazipokea, akapumua kwa nguvu, kisha akageuka nyuma na kutazama juu, kwenye njia tuliyotoka.

"Haya," akaniambia. "Turudi tukamwombe na yule bibi wa juu."